Chokaa ya Bwana Kilua

"Kuvu haivikwi kanzu." Mmeisikia leo gulioni, mnauliza nani aliyeisema kwanza. Wajukuu zangu, ilitoka katika bafu moja kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, huko milimani ambako mvua hainyeshi ikapita, bali huja ikakaa.

Semboja alikuwa mchochea tanuri kiwandani. Yeye na mkewe Hidaya walipewa nyumba namba saba, yenye bafu la ndani na kidirisha juu ukutani. Tumbili wakawa wanaingia kwa kidirisha hicho kuiba sabuni. Msimamizi wa nyumba, Bwana Kilua, hakutafuta wavu. Aliagiza vidirisha vyote vya bafu vizibwe kwa matofali. Tumbili wakakoma, na mvuke nao ukakosa njia.

Haukupita mwezi, kuta zikaota madoa meusi kama masizi. Hidaya, ambaye tangu utotoni alikuwa na pumu, akaanza kukohoa. Muuguzi wa zahanati hakuficha neno: "Ilowesheni kuvu kwa siki ndipo muisugue. Mkiisugua kavu, vumbi lake litamwingia kifuani. Mkishaoga, futeni ukuta kwa tambara. Lakini yote hayo ni bure kama hewa haipiti. Fungueni dirisha."

Walilowesha, wakasugua, wakafuta. Wiki ya pili kuvu ikarudi. Semboja akaenda ofisini kuomba ruhusa ya kutoa matofali, akaambiwa asubiri. Nyundo alikuwa nayo, na kazi yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja. Lakini aliyevunja ukuta wa shamba alifukuzwa na vyombo vyake. Basi akangoja, kofia mkononi, kama tulivyofundishwa kungoja.

Kisha ikatangazwa kwamba wakubwa wanakuja kukagua. Desturi yetu mnaijua: mgeni akija, hata mawe ya njiani hupakwa chokaa. Vibarua wakaingia na ndoo, wakapaka mpaka bafuni, juu ya kuvu mbichi.

"Haya, mama," Bwana Kilua alimwambia Hidaya. "Bafu lako limekuwa kama kanzu ya Idi. Mnangoja nini tena?"

Hidaya alishika mwimo wa mlango. "Tunangoja hewa, Bwana Kilua."

"Hewa! Si imejaa tele huko nje? Nyie watu hamna shukrani."

"Kuvu haivikwi kanzu," alisema Hidaya, akivuta pumzi kila baada ya neno. "Humo ndani yenyewe inapumua. Nisiyepumua ni mimi."

Vibarua waliangua kicheko, na Kilua pamoja nao. Semboja alikuwa amesimama palepale. Hakufungua kinywa, na jambo hilo hajapata kujisamehe.

Wageni walikuja, wakasifu weupe, wakaondoka. Siku ya kumi na tisa weusi ukatokeza. Kilua akaleta ndoo nyingine. Wakubwa wana dawa moja tu kwa kila ugonjwa. Katikati ya masika, saa nne asubuhi, kifua cha Hidaya kilifunga. Gari la shamba lilikuwa limempeleka Kilua mjini. Wakambeba kwa kitanda cha kamba, na kabla hawajafika zahanati alikuwa ameshakata roho.

Matanga yalipoanuliwa, Semboja alichukua nyundo mchana kweupe.

"We Semboja! Hiyo ni mali ya shamba!" Kilua alifoka.

"Nifukuze," Semboja akajibu, na tofali la kwanza likaanguka.

Kilua hakupata nafasi ya kumfukuza, maana nyundo zilikwisha kuanza kulia namba nane, na tisa, na kumi na mbili. Ukuta wa Hidaya ulikauka kwa siku kumi na moja. Siku kumi na moja tu. Na mwanamke alikuwa amekohoa miezi minane.

Mwaka uliofuata ukaguzi ukatangazwa tena, Kilua akaja na chokaa yake. Vibarua waliweka ndoo chini. Mkubwa wao akamwambia taratibu, kwa adabu zote:

"Bwana Kilua, kuvu haivikwi kanzu."