Hodi ya Tatu katika Gesti ya Mwinjaka

Sogeeni, hadithi mimi ninazo hadi za kugawa. Palikuwa na nyumba ya mawe, kubwa hata paka akiingia kijana anatokea kizee. Zimwi lilikula watu humo, mpaka mganga akalitoa na kuliwekea sharti: halirudi ndani ila likaribishwe.

Mwinjaka akainunua kwa bei ya kuku, akaifanya gesti. Mkewe Chiku akamwambia, "Baba, hodi ya usiyemwona usiiitikie."

Zimwi likaja mchana kweupe, likajibanza nyuma ya mlango. Likabisha kwa sauti ya mtoto, "Hodi." Mwinjaka kimya. Likabisha kwa sauti ya marehemu mama yake, "Hodi, mwanangu." Kimya, machozi yanajaza ndoo. Likabisha tena, "Hodi wenyewe. Chumba kipo?"

Na tangu afungue gesti, Mwinjaka hajapata mgeni hata wa dawa.

"Karibu, bwana, karibu ndani."

Zimwi likaingia limeinama. "Chakula je?"

"Bado hakijaiva."

"Si neno. Mimi nala kibichi."

Jioni Chiku akatoka sokoni, akabisha hodi. Sauti ya mumewe ikamwitikia, "Karibu, mama. Pita, nina njaa."

Hadithi imekomea hapo mlangoni. Aliyepita hakutoka kuiendeleza.