Fungu la Ndeshi

Wapendwa, nipeni masikio yenu kidogo, hata nyie mliokaa kule nyuma karibu na mlango mkitaka kutoka mapema. Leo siendi mbinguni moja kwa moja. Nitapitia kiwandani kwanza.

Palikuwa na wanawake wawili walioajiriwa kwenye kiwanda kimoja cha kahawa. Kazi yao ilikuwa kuchambua. Kahawa inapita mbele yako kwenye mkanda, wewe unatoa punje mbovu. Mmoja, tumwite Ndeshi, alikuwa wa siku nyingi pale. Mwenzake, tumwite Aikande, alikuja baadaye, na Ndeshi ndiye aliyemfundisha kazi.

Sasa kiwanda kile kilikuwa na mfuko wa afya. Kila mfanyakazi alikatwa kidogo kidogo kwenye mshahara, lakini fungu lake la mwaka mzima lilifunguliwa lote tangu Januari. Ukihitaji miwani Februari, huambiwi subiri mpaka makato yatimie. Unapewa. Ila siku ukiacha kazi, fungu linafungwa. Kama umetumia zaidi ya ulichokatwa, hudaiwi. Kama hujatumia, huondoki nalo. Utaratibu ndio huo, na kila mtu alielezwa siku ya kuajiriwa.

Basi mwaka ule, mwezi wa tatu, Aikande akapata kazi mji mwingine. Anakwenda kuwa msimamizi kwenye kiwanda kipya. Habari ikatangazwa wakati wa chai, watu wakapiga makofi. Ndeshi naye akapiga. Lakini chai ilimshinda, akaimwaga. Huyu niliyemfundisha mimi? Huyu aliyekuwa hajui kutofautisha punje nzima na iliyotobolewa na mdudu? Mnawajua watu wa namna hiyo? Msigeuke kumwangalia jirani, tuendelee.

Kabla ya kuondoka, Aikande alikwenda hospitali akatumia fungu lake. Akazibwa jino lililokuwa likimsumbua, akapimwa macho, akapewa miwani. Jumatatu akaingia nayo kazini. Wenzake wakamzunguka: "Aikande, umependeza! Umekuwa kama mwalimu mkuu!" Ndeshi akakaa kwenye mkanda wake bila kuinua kichwa. Kila Aikande alipocheka, yeye alisikia kama anachekwa yeye.

Akaanza kusema, na alisema kwa sauti, ukumbi mzima wa kuchambulia ukasikia: mtu anayechukua fungu la mwaka mzima halafu anaondoka ni mwizi tu kama wezi wengine. Alipofika nyumbani akamwambia mumewe, "Yaani amekatwa mara mbili tu, anavaa miwani ya mwaka mzima!"

Mumewe akasema, "Kwani wewe umekatazwa kwenda?"

"Sijizungumzii mimi! Namzungumzia yeye!"

Mnaona? Kesho yake akaenda ofisini kwa afisa utumishi.

"Mzee, huo si wizi? Mtu anakomba fungu, anatuachia sisi kukatwa?"

Yule afisa akamtazama. "Mama, hajamwibia mtu. Mfuko umepangwa hivyo kwa wote. Wewe lako hujaligusa hata siku moja. Tena msimamizi wako ameniambia punje mbovu zinakupita upande wa kushoto. Kwa nini usiende ukapimwe macho?"

"Macho yangu yanaona vizuri sana," Ndeshi akajibu. "Yanaona mpaka yale msiyotaka yaonwe."

Akatoka akaubamiza mlango. Aikande akaondoka mwisho wa mwezi.

Mngedhani mwenzake akishaondoka, mtu angepumzika. Wivu haupumziki, wapendwa. Ndeshi aliulizia: Aikande anaishi wapi? Analipwaje? Kweli ana meza yake? Usingizi ukawa wa shida. Mwisho akaandika barua ya kuomba kazi kiwanda kile kile alikokwenda Aikande, na kwa kuwa alikuwa na uzoefu, akapata.

Alipokwenda kuaga, yule afisa utumishi akamwambia, "Mama, fungu lako liko wazi lote, na wiki hii ndiyo ya mwisho. Kule unakokwenda hutapata matibabu ya ajira mpaka uthibitishwe kazini. Niruhusu nikuandikie, kesho uende kwa daktari wa macho."

Ndeshi alitaka kwenda. Alikuwa amekwishajigonga kwenye fremu za milango upande wa kushoto, amekwishakanyaga sahani ya mtoto iliyokuwa karibu na mguu wake. Alijua kuna jambo. Lakini angewaambia nini wale wa ukumbini? Yule aliyeita wenzake wezi, leo aingie na miwani mpya wiki yake ya mwisho?

"Mimi si wa kukomba sufuria nikiondoka," akasema.

"Lakini ni haki yako, mama."

"Bakini nayo."

Akaondoka kichwa juu. Fungu likafungwa.

Kule kiwanda kipya Aikande alimpokea vizuri, akamsaidia kupata chumba. Hata kabla Ndeshi hajathibitishwa kazini, siku moja toroli la magunia lilimjia kutoka kushoto. Kila mtu aliliona, yeye hakuliona. Likamwangusha. Aikande akampeleka kwa daktari wa macho, akalipa kutoka mfukoni mwake.

Daktari akasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwenda, halitarudi. La kulia watalilinda kwa dawa.

"Ningewahi, daktari?"

"Ungewahi, mama, tungeokoa kilichokuwa kimebaki. Ugonjwa huu huondoka na jicho kidogo kidogo."

Wakatoka nje, wakakaa kwenye benchi. Ndeshi akalia, kisha akasema, "Aikande, mimi nilikwenda kukushtaki. Nilikuita mwizi."



"Nilijua, dada," Aikande akasema. "Siku ile nilipopimwa, daktari aliniambia niwaambie wenzangu tunaochambua kahawa waje wapimwe wote. Nilitaka kuanza na wewe, maana nilikuwa naona unavyojigonga. Nilipokuja kukuita, mlangoni pa ukumbi nikakusikia unaniita mwizi. Nikasema moyoni, basi, na aone mwenyewe." Akavua miwani, akafuta machozi. "Nikanyamaza. Nisamehe, dada."

Wapendwa, hapo ndipo ninapotaka tusimame.

Sisi tunadhani wivu ni mtu kumchukia mwenzake kimoyomoyo, halafu yanaisha. Mmeona ulichofanya? Ulimzuia Ndeshi kuchukua kilichokuwa chake, kwa sababu alikwishakiita wizi mikononi mwa mwingine. Ukamfunga mdomo mwenzake aliyetaka kumwonya. Na Aikande je, alipungukiwa nini kwa kusemwa? Miwani alikuwa nayo.

Wewe unayeuliza kwa nini fulani amesamehewa kirahisi, ameokoka juzi tu na leo anaimba mbele, kwani msamaha wako umefungwa? Umekwenda kuuomba ukanyimwa? Au na wewe utasema, sijizungumzii mimi, namzungumzia yeye?

Mungu amefungua fungu lote tangu mwanzo, kabla hatujatoa chochote. Nasi siku yetu ya kuondoka ipo, na hakuna aliyetuandikia ni wiki gani. Tusiondoke hapa tukiliacha fungu zima kwa sababu ya kuona aibu mbele ya watu wa ukumbini.

Na kama kuna mtu hapa anaacha kazi mwisho wa mwezi huu, nakuomba kama mchungaji wako: kesho asubuhi nenda ofisini uulize una haki gani ya matibabu, uende ukapimwe. Halafu umpigie simu yule mliyenuniana naye kazini, umwambie na yeye aende.

Tusimame tuombe.