Ubeti Uliopungua Mizani

Hebu tulia usome kisa hiki, kisha umpelekee yeyote unayejua analia kwa ndani.

Palikuwa na malenga mmoja wa mwambao, Mselemu. Hapakupita harusi wala matanga bila shairi lake. Watu walimletea machozi yao, akawapangia kwa vina na mizani, wakarudi makwao wamepoa.

Kisha msiba ukabisha kwake. Binti yake wa pekee, Saumu, alikuwa amerudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi. Akafa, yeye na kichanga chake.

Mkewe Mselemu, Bi Zamzam, hakulia. Aliketi ukumbini, chakula kikipoa mbele yake, mwili ukimwisha. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba huyu naye hana siku nyingi. Mselemu akaogopa. Dawa aliyoijua ni moja tu, akashika kalamu.

Na alitunga, jamani! "Kifo mwizi mdhalimu, mbona waja bila hodi," ndivyo alivyoanza. Malenga wa miji mingine wakamjibu kwa vina vilevile, wakimpa pole. Kila alipomaliza shairi, alimghania mkewe. Mkewe alitazama ukuta.

"Mama Saumu, hata neno moja?"



Mselemu naye hakupata nafuu. Kadiri alivyosifiwa, ndivyo kifua kilivyombana. Akatunga jingine, refu zaidi.

Mchana mmoja, Mselemu akiwa katikati ya kughani, Bi Zamzam akafungua kinywa. Maishani mwake hakuwahi kutunga shairi.

"Saumu alimwita babake,
babake akasema ngoja,
Saumu hakuweza kungoja."

Vidole vya Mselemu vilihesabu silabi vyenyewe, kwa mazoea.

"Mstari wa pili umepungua mizani," akasema.

Ndipo akasikia alichoambiwa, na alichojibu. Akatamani ardhi ipasuke immeze.

Maana ilikuwa kweli. Siku ile uchungu ulipomzidi, Saumu aliomba aitiwe gari la kumpeleka hospitali. Mselemu alikuwa akitunga shairi la harusi ya tajiri mmoja. "Ngoja mwanangu, nimalizie ubeti," alimwambia. Alipoinuka, damu ilikuwa imeshatapakaa mkekani. Katika mashairi yote aliyomlilia, alikilaumu kifo, akaulaumu ulimwengu. Ile "ngoja" yake hakuitia popote.

"Nisamehe, nitaurekebisha," alibabaika.

"Usiuguse, Baba Saumu. Umalizie hivyohivyo."

Alijaribu. Malenga mzima, hakuna kina kinachokuja.

"Babake..." akasema. "Babake alikuwa anatafuta kina."

Akapiga magoti. Bi Zamzam akaangua kilio, kilio kilichowafanya majirani wadhani kuna maiti mwingine ndani. Wakalia wote wawili, kila mmoja upande wake wa ukumbi.

Bi Zamzam hakumsamehe siku ile, na sijui kama aliwahi kumsamehe. Lakini jioni alimega tonge la ugali akalimeza, kisha akausukuma upande wa mumewe ule uliobaki.

Funzo: Ukiandika ili upone, anza na neno lile unalolikwepa. Shairi zuri linalozunguka kidonda litakupa sifa, lakini kidonda utabaki nacho.