Kibanio Kinachoitwa Mamba

Shikeni waya!
— Tumeshika!
Msiuachie!
— Hatuuachii!

Haya. Palikuwa na Panya Buku, fundi redio wa kando ya mto. Jiko lake la mkaa hapa, chuma chake cha kulehemu motoni, redio za watu zimejaa mezani. Siku moja maji yakalia chubwi! Mzee Mamba huyo, redio kichwani.

"Fundi, tengeneza. Ikilia, nakula. Isipolia, nakula vilevile."

"Unakula nini, mzee?"

"Fundi."

Makubwa haya! Buku akajiambia: siliwi. Nina kazi za watu hapa, siliwi.

Akafungua redio. Mkono huu chuma, mkono huu lehemu, waya akauuma kwa meno, maana fundi hana mkono wa tatu. Tsss! Waya ukachomoka. Tsss! Ukachomoka tena. Krr, krr, redio kimya.

"Vipi wewe?" Mamba akafoka. "Njaa inaniuma!"

"Meno yangu madogo, mzee. Waya huu unataka meno ya mkubwa. Ukiuma wewe, waya utatikisika kweli?"

"Utikisike wapi! Lete." Tamaa ilimjaa: redio hiyo, na fundi huyo, wote karibu na mdomo. Kacha! Akauma.

"Usifungue mdomo mpaka lehemu ipoe, redio isije ikafa kabisa."

"Mmm," akajibu Mamba.

Siliwi, akasema Buku moyoni. Tsss! Waya wa spika. Siliwi. Tsss! Waya wa betri. Kisha akachukua waya mnene.

"Hii eriali, mzee. Tulia."

Akauzungusha kwenye mdomo wa Mamba, mara moja, mara mbili, mara tatu. Siliwi! Tsss! Akaufunga kwa lehemu.

Redio ikalia, ngoma na vigelegele! Mamba akataka kuachama. "Mmm! Mmm!" Thubutu!

"Kazi imekwisha, mzee. Redio yako hiyo." Buku akabeba jiko lake na redio za watu, akaenda zake. Hata hakukimbia.

Tangu hapo mafundi wana kibanio kidogo chenye meno, cha kushikia waya, nacho wanakiita mamba. Kinauma, hakimezi. Na Mamba mwenyewe? Waya ulikatika baada ya wiki. Lakini mwangalieni akiota jua, anaachama tu. Anahakikisha mdomo bado unafunguka.

Funzo, na asicheke mtu: ukiombwa kushika kitu, shika tu, usiulize maswali.

Waya!
— Tumeuachia!