Ushuhuda Kabla ya Majibu

Kaeni, wapendwa. Na ninyi wa benchi la nyuma mnaochungulia simu, vumilieni kidogo, wali wenu hautaungua.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, aliyeishi kwa kukanda unga. Chapati zake ndizo zilizosomesha watoto wake. Mama huyu aliugua kansa ya titi. Akakatwa titi la kulia, akatundikiwa dawa zile zinazonyonyoa nywele, akarudi nyumbani hai. Kanisa lake likafurahi, na lilikuwa na haki ya kufurahi. Siku alipotoa ushuhuda akina mama walipiga vigelegele mpaka mtaa mzima ukajua.

Tangu hapo, kila mwaka ikifika Jumapili ya shukrani, alivalishwa kitenge kipya na kusimamishwa mbele. Anasema, "Nimepona," kanisa linajibu, "Amina." Wageni wakawa wanaalikwa kuja kumwona. Makanisa mengine yana kengele nzuri, wao walikuwa na yule mama.

Sasa sikilizeni. Mwaka mmoja shukrani imekaribia, mbuzi amekwisha kununuliwa, wageni wamekwisha kualikwa. Mama anaoga, mkono unapita kwapani, unakuta kitu kigumu, kama njugu mawe. Aliogopa. Nasema aliogopa, na asitokee mtu hapa wa kunisahihisha eti mwenye imani haogopi. Alipindua ndoo, akaikalia, akalia mpaka mwili ukamkauka.

Wifi yake, aliyekuwa akiishi naye, alimpapasa akacheka. "Wifi, huu ni mtoki tu. Si juzi uliungua kidole kwenye karai? Tuukande kwa majivu ya moto, utanywea wenyewe."

Wakaukanda. Haukunywea.

Basi mama akaenda hospitali kubwa. Daktari alikuwa binti, umri wa mwanawe wa kwanza. Alimpima, akapiga picha, akanyonya sampuli kwa sindano, na siku aliyomwita tena hakuzungukazunguka. "Mama, hii ni tezi imevimba. Inawezekana ni kile kidole. Inawezekana ugonjwa umerudi. Picha haijasema wazi, na sindano nayo haijasema wazi."

"Sasa tunafanyaje, mwanangu?"

"Tunaweza kusubiri kidogo, tukaiangalia tena. Au tunaitoa sasa, iende maabara, tujue moja. Lakini upande huu ulishakatwa, mama. Tukikata tena, mkono unaweza kuvimba ukawa mzito, na kuna watu haurudi kama zamani. Siwezi kukuamulia. Mwili ni wako."

Mkono wa kulia, ndugu zangu. Mkono wa chapati. Wewe ungechagua nini? Usijibu haraka, maana kwapa si lako.

Asubuhi iliyofuata mama alikanda unga kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ameuficha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari. Zilitoka chapati zenye kona. Wateja walimtania, wakanunua, wakala. Akajua kwamba hata mkono ukiharibika, njaa haitamla. Lililokuwa likimla ni kutojua. Hapo akaamua tezi itoke.

Akaenda kanisani kuomba aombewe. Mzee wa kanisa, yule aliyekuwa akisimamia shukrani, alimvuta pembeni. Msinielewe vibaya, hakuwa mtu mbaya. Mama alipougua mara ya kwanza, mzee huyu alifunga na kuomba kwa ajili yake. Lakini sikieni alichosema.

"Mama, tutakuombea. Ila hilo jambo lingesubiri shukrani ipite. Watu wanatoka mbali kuja kukusikia. Ukitokea na bandeji tutawaambia nini? Ulishashuhudia kwamba umepona. Ukirudi kwenye kisu, si ni kama unamwaibisha Mungu?"

Mnaguna. Mnamgunia nani? Sisi hatujawahi kumwambia mgonjwa, "Usikiri ugonjwa, kiri uzima," na akaenda kufia ndani akikiri?

Mama alimtazama mzee kwa heshima, akamjibu bila kuinamisha kichwa. "Mzee wangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Mungu aliyeniponya mimi haaibishwi na bandeji. Na kama heshima yake imening'inia kwenye kwapa langu, basi hapa tuna ugonjwa mkubwa kuliko tezi."

"Si nimesema usubiri tu kidogo, mama."

"Mbuzi mchinjeni. Mimi nasafiri kesho, basi ni la alfajiri."

Akaenda. Akakatwa.

Jumapili ya shukrani ikafika. Shughuli ni watu, na watu walijaa mpaka nje. Mama akaingia, mkono umefungwa kwa kanga na kuning'inizwa shingoni. Kitenge kipya alikutana nacho mlangoni, akakipokea, hakukivaa. Muda wa shuhuda ukafika. Mzee akamwita aliyepata kazi, akamwita aliyepata mtoto, akamruka mama, akatangaza kwaya. Kwaya hawajashika hata sauti, mama amesimama. Hakungoja kuitwa.

"Mwaka jana nilisimama hapa nikasema nimepona," alisema. "Leo sijui. Tezi imetolewa, iko maabara, majibu hayajatoka. Lakini nimekuja kushukuru hivyo hivyo, nikiwa sijui. Na hata mwaka jana sikuwa najua, ila ninyi mlipenda niseme najua. Kama ushuhuda wa mtu asiyejua haufai hapa, kitenge chenu hiki."

Akakiweka mezani. Vigelegele vikakosa mwenyewe. Hata Amina haikutoka.

Mama hakukaa. "Nina neno lingine. Safari ile nilikwenda peke yangu. Niliporudi, mkono huu ukiuma, mfuko niliubeba kwa meno nikipanda ngazi ya basi. Kesho nafuata majibu. Miaka yote mmeniitikia Amina. Nani atapanda basi pamoja nami?"

Watu wakatazama sakafu. Siku ile ilionekana sakafu ya kanisa lile ina uzuri mwingi sana.

Naishia hapo.

Ndiyo, naishia hapo, na naona nyuso zenu. Mnangoja niwaambie ile tezi ilikutwa na nini. Siwaambii. Mngetaka kujua ili mpime kama alifanya vizuri, sivyo? Ikiwa safi, mseme imani yake ilikuwa kubwa. Ikiwa mbaya, mseme, "Tulimwambia." Kama wema wa uamuzi wake unangoja karatasi ya maabara, basi sisi tunamwabudu fundi wa maabara, na tumtengee kiti pale mbele!

Alifanya vizuri siku ile ile alipoamua, akiwa hajui. Mwingine angeambiwa maneno yale yale na daktari, akaamua kusubiri, naye angefanya vizuri. Mwili wake, hofu yake, mkono wake. Nani aliwapa ninyi kazi ya kumlinda Mungu na bandeji za watu? Yeye mwenyewe alipofufuka hakuona haya kuonyesha makovu yake.

Sisi tunapenda ushuhuda uliokwisha kuiva. Mtu akishapona, anafaa kipaza sauti. Akiwa katikati, hajui anakwenda au anarudi, tunamwambia akae kidogo nyumbani, tunamwombea kwa mbali. Na humu ndani, leo, kuna mtu mkono wake uligusa kitu jana wakati wa kuoga. Hajamwambia yeyote, maana anatuogopa sisi kuliko anavyoiogopa kansa. Nasema tena, anatuogopa sisi.

Wewe mtu huyo, nenda ukapimwe. Tusikuzuie na shukrani zetu wala na mbuzi wetu.

Na ninyi wengine, akiwaambia, msikimbilie kumwambia Mungu ni mwema. Hilo analijua. Mwulizeni basi lake linaondoka saa ngapi.