Kata ya Namwai

Zamani hizo nchi ilikuwa bado haijapigwa mhuri. Milima ilikuwapo, mito ilikuwapo, na watu walikuwapo tele, lakini hapakuwa na kata wala tarafa, wala ofisi yenye maandishi mlangoni ya kumkataza mtu kuingia kabla hajaitwa. Aliyeulizwa kwao ni wapi alinyoosha kidevu kuelekea moshi wa nyumbani, na jibu likatosha.

Baadaye ikaja kengele. Wamisheni walijenga kanisa Mbomwe, upande wa mawio, na wamisheni wengine, waliokosana na wale wa kwanza juu ya jambo ambalo hakuna mtu wa milimani aliyewahi kulielewa, wakajenga lao Kisanjo, upande wa machweo. Kila kanisa likatundika kengele yake. Watu wa milima hii hawapendi kuona kitu kizuri kikifanya kazi moja tu, kwa hiyo kengele wakaifanya mpaka. Aliyesikia ya Mbomwe alikuwa wa usharika wa Mbomwe. Aliyesikia ya Kisanjo alikuwa wa Kisanjo, awe amebatizwa, awe anatambikia babu zake, awe anafanya yote mawili kwa siku tofauti. Usharika ndio uliofyeka njia, uliozika wafu, uliomlisha asiye na mtoto. Paa la mtu likianguka, kengele iligongwa asubuhi, watu wakatoka na miundu na kamba kwenda kwenye msaragambo, kazi ya wote kwa ajili ya mmoja, na jua likizama mwenye nyumba alikuwa amefunikwa. Hakuna aliyeandika lolote. Kazi ilikuwa imefanyika, ya kuandika nini?

Ndipo ikafika serikali. Ikatazama huku na huku, ikaona nchi imekwisha kugawanywa na mtu mwingine, ikapendezwa sana. Ikachukua mipaka ya kengele na kuwaachia makanisa kengele zenyewe. Ikatangazwa kwamba tangu sasa njia, maziko na mapaa ni mambo ya serikali, kanisa libaki na roho. Wazee walewale wa usharika wakapewa kofia na daftari, wakaambiwa, sasa ninyi ndio sisi. Walirudi nyumbani wakitembea kifua mbele. Walipolifungua daftari wakakuta swali juu ya ukurasa wa kwanza: mpaka wenu unaishia wapi?

Swali hilo lilimkuta Namwai hana paa.

Namwai alikuwa mjane aliyekaa peke yake Mashati, pale mlima unapobonyea kama shingo, katikati ya Mbomwe na Kisanjo. Mumewe alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba, na binti zake wawili waliolewa mbali, ng'ambo ya milima. Tangu utotoni hakujua kutulia. Alipika amesimama, alikula anatembea, na mama mkwe wake alizoea kusema kwamba Namwai atakaa chini siku ya kuzikwa, na hata siku hiyo itabidi ashikiliwe. Upepo wa mwisho wa kiangazi ulipolibeba paa lake lote kama kofia ya mlevi, hakulia. Alitazama mawingu yaliyoanza kujikusanya, akahesabu siku zilizobaki kabla ya masika, akajifunga kanga kiunoni. Alijua anachokimbilia. Nyumba ya udongo isiyo na paa haingoji mvua ya pili. Ya kwanza huilainisha, ya pili huirudisha shambani.

Alianza na Mbomwe. Mzee Kangero, ambaye kwa mikono yake mwenyewe alikuwa ameliezeka paa hilohilo mara mbili enzi za usharika, alimpokea akiwa na kofia kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Paa limeondoka."

"Pole sana, mama. Limeelekea wapi?"

"Kisanjo."

Kangero alilifunua daftari, akalifunga tena. "Basi huenda na nyumba ni ya huko," akasema kwa upole.

Namwai akashuka bonde, akapanda kilima, akafika Kisanjo kabla jasho halijamkauka. Mzee Mbazi wa Kisanjo, mtu mnene mwenye kauli tamu, hakubisha kwamba nyasi ziliangukia kwao. "Na mbuzi wamezila, nashukuru," alisema. "Lakini kuta zimebaki zilikokuwa. Kengele uliyokuwa ukiiitikia ni ya Mbomwe."

"Nilikuwa nikizisikia zote mbili, kwa jinsi upepo unavyovuma."

"Hilo ndilo kosa lako, bibi. Umesikia kupita kiasi."

Wazee hawa hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wenye daftari. Ambaye angemwandika Namwai angeiandika pia njia ya Mashati, na njia hiyo ilikuwa na makorongo mawili na miiba ya siku mbili za kufyeka. Enzi za kengele mtu alilalamika njia nzima na bado akaenda. Sasa ilikuwa imegunduliwa kwamba mtu anaweza kulalamika na kubaki nyumbani.

Kwa siku tisa Namwai alikwenda na kurudi. Mbomwe walimwambia alete neno kutoka Kisanjo, Kisanjo wakamwambia alete neno kutoka Mbomwe, naye akayabeba maneno yao kama kuku wawili waliofungwa miguu, mmoja kila mkono, na wote wanapiga kelele. Mawingu yalishuka kila alasiri, yakanusa kuta zake, yakaondoka. Alianza kula kidogo, kisha akasahau kula. Mikono ilianza kumtetemeka, naye hakuwa na nafasi ya kuishangaa.

Na alikuwa na siri. Namwai alikuwa amepoteza masikio. Kwa miaka miwili hakuwa amesikia kengele ya upande wowote. Maneno ya watu aliyasoma midomoni, kwa sababu alikuwa hodari wa kutazama. Jumapili aliitambua kwa kata yake, kata ya kibuyu yenye mpini mrefu, ile ya kuchotea maji mtungini. Aliijaza maji, akaishika mlangoni, akayakodolea macho. Maji yakitetemeka, alijua kengele inagongwa. Yalitetemeka, naye akaenda kanisani, na mara nyingi ilikuwa Jumapili kweli.

Siku ya kumi akaja karani wa wilaya, Semkiwa, kijana mwembamba mwenye mwavuli, ametumwa kuumaliza mpaka. Aliwasikiliza wazee wote wawili, akapanga jaribio. Kengele ya Mbomwe itagongwa saa nne kamili, ya Kisanjo saa nne na nusu, naye atasimama mlangoni kwa Namwai na saa yake. Itakayosikika ndiyo mwenye nyumba.

"Na isiposikika hata moja?" aliuliza Namwai.

"Mahali pataandikwa msitu."

"Na mimi?"

Semkiwa alionekana kuona haya. "Msituni hakuna watu, bibi. Ndivyo ilivyoandikwa."

Sasa sikilizeni jinsi serikali ilivyokuwa imeingia vizuri katika mioyo ya watu. Asubuhi ya jaribio, Mzee Kangero alipanda mnarani Mbomwe akaufunga ulimi wa kengele kwa kitambaa. Asubuhi hiyohiyo, bila kushauriana na mtu, Mzee Mbazi aliufunga wa Kisanjo kwa blanketi la mtoto. Ilikuwa mara ya kwanza kwa pande hizo mbili kukubaliana tangu wamisheni wafike.

Namwai hakulala kitandani alfajiri ile. Alifagia sakafu isiyo na paa, akahamisha mawe ya jiko, akayarudisha. Karani alipofika alimkuta akizunguka nyumba kama mtu anayetafuta mlango. Mawingu yalikuwa meusi hata kuku wameanza kujikusanya kwa kulala.

"Tulia basi, bibi, tusikilize," alisema Semkiwa, akatoa saa.

Namwai akachota maji mtungini, akasimama mlangoni na kata mkononi. Karani akageuza sikio upande wa Mbomwe. Akasikia upepo, akasikia nzi, akasikia tumbo lake mwenyewe. Saa nne ikafika. Akatikisa kichwa, akaanza kufungua kalamu.

"Tazama," alisema Namwai.

Ndani ya kata maji yalikuwa yakitetemeka. Duara dogo lilizaliwa katikati, likatanuka hadi ukingoni, likafuatwa na jingine, na jingine.

"Hii ndiyo masikio yangu," akasema. "Yale mengine yalikwisha. Sijamwambia mtu."

Semkiwa aliyatazama maji. Kisha akamtazama yule mwanamke: vifundo vya miguu vilivyojaa vumbi la njia mbili, kanga iliyofungwa kiunoni kama ya mtu anayekwenda kuzima moto. Mkono wenyewe hakuutazama. Alikuwa karani, na karani mwerevu hujua cha kutotazama. Tone la kwanza la mvua lilipiga mwavuli wake. Akaandika haraka, kabla wino haujalowa: *Mpaka wa Mbomwe unafika penye kata ya Namwai.* Saa nne na nusu ilipofika maji yalikuwa bado yanatetemeka, lakini kalamu ilikuwa imekwisha kufungwa, na kalamu ya serikali ikifungwa haifunguliwi kwa ajili ya nusu saa.

Mvua hiyo ilikuwa ya kutisha tu, ilinyunyiza, ikapita. Kesho yake watu wa Mbomwe walifika Mashati na nyasi, fito na kamba, wakilalamika njia nzima. Namwai alipanda paani pamoja nao, wakamshusha, akapanda tena. Wakati wa kufunga tita la mwisho Mzee Kangero, aliyekuwa ameivua kofia kwa sababu ya joto, alikaa karibu naye juu ya boriti.

"Mama," alisema, "ile kengele. Niliifunga kitambaa. Haikutoa sauti."

Namwai aliyasoma maneno hayo midomoni mwake, yote. Akautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa haujashika kata wala maji, nao ulitetemeka vilevile.

"Kumbe," alisema. Kisha akamwambia avute kamba, mvua inakuja.

Ilikuja jioni hiyo, ikapiga siku mbili, ikakuta paa.

Karatasi ya Semkiwa ilisafiri hadi makao makuu. Huko ikasomwa na mtu ambaye maji yake yalitoka ukutani, na ambaye hajashika kata ya kibuyu tangu azaliwe. Alikuta maneno "kata ya Namwai", akafikiri ni aina mpya ya eneo. Akaona jina limekaa vizuri, maana nchi si ilikuwa inakatwa? Akaandika waraka kwamba maeneo yote yaliyokuwa ya kengele yaitwe kata, pande zote za milima. Mchoraji wa ramani naye alipotakiwa kuufikisha mstari hadi kwa Namwai akaona kwamba ukikatwa moja kwa moja utakosa nyumba, akaupinda, ukaenda Mashati mwembamba na mrefu, ukaizunguka nyumba, ukarudi. Iangalieni ramani ile iliyobandikwa ofisini. Mnaona mpini, na mwishoni mnaona kibuyu.

Na tangu siku hiyo mahali tunapoishi panaitwa kata, na mtu mwenye shida huambiwa aende kata, akifika kata huambiwa arudi kesho, kwa sababu jina lilianzia kwa mtu aliyekwenda na kurudi. Na kila mwaka, kiangazi kikikaribia kwisha, mtendaji wa kata hujaza maji kata ya kibuyu, akatembea nayo mkononi kuufuata mpaka wote, makorongo yote mawili, hadi Mashati. Nyumba ambayo maji yatatetemeka mbele yake ndiyo inayoezekwa kwanza. Watendaji wapya, waliosoma, hutuambia njiani kwamba si nyumba inayoyatetemesha maji, ni mkono tu uliochoka.

Tunawaambia ndiyo, ni mkono. Kisha tunawapokea kata, tunawapa kamba, wapande.