Pipa Mahali pa Fundi

Mtu mmoja wa milimani, jina lake Mbelwa, alikuwa na gari dogo aliloliwekea injini kubwa. Alilishusha karibu na ardhi, akalivika rimu nyeupe, na likipanda mlima watu walitoka madukani kulitazama. Simcheki. Gari lilikuwa zuri na jasho lilikuwa lake. Kila Alhamisi alfajiri, ukungu ukiwa bado barabarani, alimteremsha mama yake kwa gari hilohilo kwenda hospitali ya bondeni, katika kona ambazo ukikosea moja huifikii ya pili.

Injini ilikuwa imekua, breki zilikuwa zilezile. Mbelwa hakuwa mjinga, aliliona hilo mapema. Akaagiza pedi za breki za magari ya mashindano, za chuma kigumu, ambazo hata zikiwaka moto haziachii. Akampelekea fundi Shekiondo azifunge.

Sasa huyu Shekiondo alikuwa na desturi yake, nami nampenda kwa ajili ya desturi hiyo. Karakana yake ilikuwa chini ya kiteremko kifupi. Kila gari alilolifunga breki lililala pale juu, na asubuhi, kabla halijapata joto, mwenye gari alitakiwa kulishusha taratibu na kulisimamisha. Pale chini alisimama Shekiondo, ameligeuzia gari mgongo, anakunywa chai. Kwa miaka ishirini na mitatu hakuwahi kumwaga kikombe.

Alizifunga pedi za Mbelwa, na jioni wakaenda kuzijaribu barabarani. Zilipopata moto zilishika ajabu. Mbelwa akalala akitabasamu. Asubuhi alipofika alikuta mahali pa fundi pamesimamishwa pipa tupu, na fundi mwenyewe amekaa kando na chai yake. Aliona ametukanwa. Akaingia garini kwa hasira, akaliachia, akakanyaga breki. Gari likasita, likateleza hatua tatu, likaangusha pipa, ndipo likasimama.

Shekiondo akasema, "Mwanangu, pedi hizi hazishiki sawasawa mpaka zipate moto, na mama yako anapanda gari likiwa baridi."

Mbelwa alibaki ameshika usukani huku pipa likibingirika kuelekea mtaroni. Angeweza kubishana. Angeweza kusema ni hatua tatu tu. Wangapi wetu tungesema hivyo! Lakini yeye alishuka, akaomba spana, akazifungua pedi zake kwa mikono yake mwenyewe. Hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Fundi akamchagulia nyingine, za chuma kiasi kilichochanganywa na vitu laini. Hizo hushika alfajiri, na kwenye mteremko mrefu hazichoki upesi. Hazina sifa za kutamba nazo kijiweni. Hulia kidogo, tena vumbi lake jeusi huchafua rimu nyeupe. Kesho yake Shekiondo akasimama mahali pake, kikombe mkononi, mgongo kwa gari. Gari likashuka, likasimama hatua mbili nyuma yake. Hakugeuka kutazama. Mbelwa, mtu mzima na ndevu zake, alitokwa na machozi. Alhamisi iliyofuata mama yake alisinzia kona zote hadi bondeni, na mpaka leo kila Jumamosi Mbelwa anaonekana nje na ndoo yake, anasugua rimu.

Ndugu zangu, nguvu zetu zimekua: vyeo, mali, na ndimi zetu. Kujizuia nako tunako, hasa mambo yakishawaka na watu wakitutazama. Lakini watu wa nyumbani hutukuta asubuhi, tukiwa bado baridi. Je, nyumbani kwako yuko anayeweza kukugeuzia mgongo, akanywa chai yake mpaka mwisho?